Marehemu hawa walikuwa walimu, iandikwe hivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nikamilishe wasifu wa watu wawili walionilea. Ni Bamkubwa na Mamkubwa wangu, mume na mke, wakazi wa Ukerewe, ambao tumewazika ndani ya mwaka mmoja. Bamkubwa alitangulia wakati wa masika, na Mamkubwa akamfuata kabla ya vuli. Wote wawili walikuwa wamevuka miaka themanini na waliugua wakiwa mikononi mwetu, kwa hiyo kazi ya Mungu hatuilalamikii. Kilichonifanya nishike kalamu ni zile karatasi mbili zilizosomwa kabla ya majeneza kushushwa.

Wasomaji wanajua wasifu wa marehemu unavyokuwa. Msemaji wa ukoo anasimama, anafungua karatasi yenye vichwa vya siku zote: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa. Ya Bamkubwa ilisema alisoma hadi darasa la nne, alikuwa mkulima, hakujaliwa mtoto. Ya Mamkubwa ilisema hakusoma shule, alikuwa mkulima, hakujaliwa mtoto. Aliyeziandika ni kijana wetu mwema, alijaza alichoulizwa, na hakuna neno la uongo hata moja humo. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama wazee na bibi zetu wanaoshika fimbo, ambao hao wakulima wawili ndio waliowafundisha kuandika majina yao. Mmoja wa mabibi hao alinishika kanga akaniuliza, "Mbona hawakusema kuwa alikuwa mwalimu wangu?"

Basi nasema mimi. Walikuwa walimu wa kisomo cha watu wazima, yeye Bamkubwa tangu mwaka 1971, na Mamkubwa tangu mwaka 1976, mpaka madarasa yalipokufa miaka ya themanini.

Kwa vijana ambao hawakuyaona haya, nieleze kidogo. Tulipopata Uhuru watu wazima wengi wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma, na hata mwaka 1967 ilikadiriwa kuwa karibu wawili katika kila watatu walikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alisema hatuwezi kungoja watoto wakue ndipo nchi iendelee, kwa sababu wanaolima na kuamua leo ni wazazi wao. Kanda yetu ya Ziwa ilikuwa imeshaanza mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, na vitabu vyake vilitokana na kazi za watu: pamba, samaki, ndizi, ng'ombe. Kisha Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Walimu wa shule za msingi peke yao wasingeweza kazi hiyo. Ikabidi kila aliyejua kusoma amfundishe asiyejua, na ndipo wakaitwa watu kama Bamkubwa, waliosoma madarasa manne ya misheni na kurudi shambani.

Lakini Bamkubwa hakuanza kwa sababu ya tangazo la Serikali. Alikuwa na sababu yake, na alinisimulia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima.

Kabla ya kisomo yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa barua wa kitongoji kizima. Barua ikitoka Mwanza, machimbo ya almasi ya Mwadui au Dar es Salaam, mwenye nayo alikuja nayo uani kwetu ikiwa bado imefungwa. Bamkubwa aliosha mikono, akaifungua, akasoma kwa sauti. Siku moja alikuja mama mmoja jirani, amejipaka mafuta, amevaa gauni la sikukuu, na watoto wake watatu nyuma. Mume wake alikuwa machimboni na hakuwa ameandika kwa muda mrefu. Bamkubwa alianza kusoma salamu, akafika katikati akanyamaza. Mume alikuwa anaarifu kuwa ameoa huko na kwamba mke wa kwanza arudishwe kwao. Mama yule akamwambia, "Endelea, Baba." Ikambidi aendelee, mbele ya watoto, mbele ya majirani waliokuja kusikiliza habari za machimboni. Bamkubwa alisema tangu siku hiyo alichukia kazi ile. "Barua ni ya mtu na mwenziwe," aliniambia. "Mimi nilikuwa naingia katikati yao na viatu." Tangazo la kisomo lilipofika, yeye ndiye aliyekwenda kumtafuta mratibu wa elimu wa kata na kuandikisha jina. Na mtu wa kwanza aliyemfuata nyumbani kumwomba aje darasani ni mama yule.

Mimi nilifika kwao nikiwa mdogo. Mama yangu, mdogo wake Mamkubwa, alikuwa akifanya kazi za zamu katika kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa Mwanza, na hakuwa na mtu wa kuniangalia usiku. Nilipelekwa kisiwani nikae kidogo, nikakaa mpaka nilipomaliza darasa la saba. Tulikuwa watoto wengi pale, wa ndugu wa huku na huku. Kwa hiyo kwenye kichwa cha "watoto" yule kijana wetu angeweza kujaza majina hadi karatasi ikaisha, maana hata baba yake mwenyewe alilelewa pale.

Darasa lilikuwa chini ya mwembe, saa kumi jioni, watu wakishatoka shamba. Kinamama walikuja na watoto mgongoni na kuni kichwani, wakaweka mizigo pembeni kama wapitao sokoni. Ubao alitengeneza Bamkubwa mwenyewe. Nitauelezea kwa sababu sisi watoto ndio tuliokuwa mafundi wake. Betri za redio zikiisha nguvu tulizipasua kwa jiwe, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukausaga mpaka uwe laini. Halafu tulichuma majani ya viazi vitamu, tukayatwanga na unga ule, na tope lake zito tukalipaka kwenye mbao zilizopigiliwa pamoja. Likikauka unapaka tena. Ubao uliokolea vizuri ulishika chaki kuliko ule wa shuleni kwetu. Mvua ikinyesha kabla hatujauingiza ndani, tulianza upya.

Mamkubwa alikuwa mwanafunzi katika darasa hilo. Hakuwahi kuingia shule, kwani kwao waliosoma ni wavulana. Aliketi mstari wa mbele na daftari lake juu ya paja, na alipotaka kuuliza alinyosha mkono na kumwita mumewe "Mwalimu" kama wenzake. Nyumbani alimwita Baba. Sikumsikia hata siku moja akichanganya hayo mawili. Na Bamkubwa hakumpendelea. Wakianza na neno kama pamba, wakiligawa silabi, pa na mba, kisha pa, pe, pi, po, pu, alimsimamisha kila mtu asome peke yake, na mke wake akikosea alimwambia arudie mbele ya wote. Usiku, nyumbani, ndipo nilipowaona wameinama kwenye koroboi, kichwa kwa kichwa, yeye akimwelekeza taratibu mahali alipokosea jioni. Mafuta ya taa hayakuwa ya kuchezea, lakini kwa kazi hiyo koroboi haikuzimwa mapema.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kila wiki kikundi kilikusanyika kusikiliza Radio Tanzania, kisha kiongozi akasoma sehemu ya kitabu cha wiki hiyo, kisha watu wakajadili na kukubaliana la kufanya. Redio yetu ilitundikwa kwenye tawi la mwembe. Inasemekana walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni mbili. Sisi kisiwani lililotugusa zaidi ni somo la kichocho, maana watoto wote tulikuwa tunaoga ziwani, na kukojoa damu tulidhani ni hatua ya kukua kwa wavulana. Bamkubwa alichimba choo kabla ya mtu mwingine yeyote, siku iliyofuata kikao, akisema kiongozi wa kikundi hawezi kujadili choo huku mwenyewe akienda vichakani. Majirani wakafuata. Wengine walichimba kwa kuona haya tu, lakini vyoo vikawepo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo linalotosha kumpa Mamkubwa jina la mwalimu.

Ulikuwa msimu wa kununua pamba. Alikuwa amechambua pamba yake uani kwa siku kadhaa, safi peke yake na fifi, ile ya daraja la chini, peke yake, kwa sababu bei zake ni mbali. Tulibeba magunia hadi kituoni, tukapanga foleni na kinamama wenzake. Karani alikuwa kijana wa mjini mwenye kalamu mbili mfukoni. Gunia la Mamkubwa likapandishwa kwenye mizani, karani akatazama, akaandika stakabadhi, akampa, akaita anayefuata. Mamkubwa hakuondoka. Alisimama akaitazama stakabadhi, akautazama mshale, akaitazama tena stakabadhi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, mshale unasema arobaini na tatu. Hapa umeandika thelathini na nne."

Pale kituoni pakawa kimya. Karani alicheka kidogo, akasema namba zimegeuka kwa haraka, akachukua stakabadhi akaandika nyingine. Labda kweli ziligeuka. Mamkubwa akamshukuru, akaipokea, akaisoma yote kuanzia tarehe, tukajua ameridhika. Ndipo mama aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Dada, usiende. Nisomee na mimi." Alibaki pale karibu na mizani mpaka jua likazama, akisoma mshale wa kila mtu kwa sauti, na yule karani akiandika. Tulirudi nyumbani gizani. Nilikuwa na njaa na nilikuwa nalia, naye akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa.

Wiki iliyofuata wanawake waliongezeka darasani hadi kivuli cha mwembe hakikuwatosha. Mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa Taifa wa kisomo, Mamkubwa alifikia hatua ya nne, ya juu kabisa katika mtihani huo, na mwaka uliofuata mratibu akamkabidhi darasa lake la kinamama. Cheti chake kipo. Kilikaa ndani ya sanduku la bati, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na hati ya ndoa.

Alifundisha tofauti na mumewe. Bamkubwa alikuwa mtu wa kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Mamkubwa alifundisha kwa chochote kilichokuja mkononi: kadi ya kliniki, maandishi ya kwenye kanga, stakabadhi ya pamba, gazeti la *Elimu Haina Mwisho* lililotolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya kama wao. Na alikuwa na msimamo mmoja ambao uliwaudhi wengi mwanzoni. Mtu akishapita darasani kwake, hakumsomea barua tena. Ungemletea, angekuwekea kigoda, angekupa maji ya kunywa, halafu angekuambia, "Soma mwenyewe, mimi nipo hapa." Ukikwama neno alikusaidia neno hilo moja. Nimeona mama mtu mzima akitumia jioni nzima kwenye ukurasa mmoja wa barua ya mwanawe aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Kagera. Alipofika mwisho aliikunja, akaiingiza kifuani, akaenda zake bila kutuambia imeandikwa nini. Bamkubwa alikuwa amekaa mlangoni anatengeneza mpini wa jembe. Alimtazama mkewe, wakatabasamu.

Malipo yao yalikuwa posho ndogo, na mara nyingi ilichelewa au haikuja kabisa. Sisemi haya kuilaumu ofisi yoyote. Miaka ile baada ya vita kila kitu kilikuwa cha shida: sabuni, chumvi, nguo, mafuta ya taa. Chaki zikaisha, Bamkubwa akatumia vipande vya mihogo iliyokauka. Daftari zikaisha, wakaandika mchangani. Serikali ilipotoa hesabu zake za mwaka 1986, ikasema wasiojua kusoma wameshuka chini ya asilimia 10. Wakati huo darasa la kwetu lilikuwa limeshafungwa. Namba ile wengi waliishangilia, na nchi za nje zikaja kujifunza kwetu. Nilipoisikia nilikuwa tayari nimeolewa Mwanza na najifunza ushonaji, na niliwafikiria wale wawili na ubao wao wa betri.

Hawakuacha kusoma wala kufundisha kwa sababu darasa lilifungwa. Wajukuu walipata kusoma kabla ya kuanza shule. Mamkubwa alipoingiwa na mtoto wa jicho na kushindwa kuona herufi, niliporudi kisiwani nilimsomea gazeti, hili lako Mhariri, kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya minada. Nikiruka mstari alijua. "Rudi nyuma, hapo hapaunganiki," alisema amefumba macho. Baada ya Bamkubwa kufariki alitaka nimsomee kurasa za tanzia kuliko nyingine zote. Alisikiliza habari za watu asiowajua: mkurugenzi mstaafu, meneja mstaafu, mhadhiri. Siku moja akauliza, "Wale wa kisomo hawafi?" Nilimjibu kuwa wanafa, ila hawana wa kuwaandika. Akasema, "Basi andika wewe, uliyefundishwa bure."

Ndiyo maana naandika. Na nina mambo mawili ya kuomba.

La kwanza ni kwa familia zenye wazee waliofundisha kisomo. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini na mitano mwaka 1971 leo anakaribia themanini au ameshavuka. Wanaondoka kila wiki, na kwenye wasifu wanaitwa wakulima, wavuvi au mama wa nyumbani. Tafadhali kaeni nao sasa, waulizeni walifundisha wapi na walimfundisha nani, na siku ikifika lisomwe mbele ya watu. Sisi tumeshairekebisha karatasi ya ukoo. Kiangazi hiki tunajengea makaburi, na fundi ameshapewa maneno ya kuandika: mwalimu wa kisomo, kwa wote wawili, na miaka waliyofundisha.

La pili ni kwako Mhariri. Gazeti lako linasomwa na watu wengi ambao wazazi au babu zao walijifunza kusoma chini ya mti. Tenga kona, hata mara moja kwa wiki, watu walete majina ya walimu hao. Maofisa wanaohusika leo na MEMKWA na MUKEJA, mipango ya elimu kwa watoto walioikosa shule na kwa watu wazima, nao watafaidika, kwa sababu Sensa ya 2022 imetuonyesha kuwa bado wapo mamilioni wasiojua kusoma, na waliowahi kuifanya kazi hiyo bila chaki wangali hai, wanaweza kuulizwa iliwezekanaje.

Katika lile sanduku la bati, chini ya cheti, nimekuta daftari za mahudhurio za madarasa yote mawili. Nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, lakini majina mengi yanasomeka, na kando ya kila jina Bamkubwa ameandika siku ambayo mtu huyo aliandika jina lake bila kusaidiwa. Nimeanza kuzinakili jioni nikifunga cherehani. Nikimaliza nitakuletea nakala, ili yeyote ambaye mama yake au bibi yake alisoma kwao aweze kumtafuta humo.

Msomaji wako,
Fundi cherehani, Mwanza